Mkaguzi na Boliti Iliyolegea

Mkaguzi alikuwa mtu asiyekosea, na kama kulikuwa na mtu mtaani ambaye hakulijua hilo, basi alikuwa mgeni wa siku hiyo hiyo. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kukagua shule. Aliingia darasani bila hodi, akakaa nyuma na kalamu nyekundu, akatoka na kurasa tatu za upungufu. Alipostaafu, serikali ilichukua ofisi yake, ikachukua muhuri wake, ikasahau kumnyang'anya kalamu. Hapo ndipo raia walipoanza kuiona taabu.

Fundi wa gereji ya mtaa wa pili, kwa mfano, aliletewa siku moja ripoti ya kurasa mbili kuhusu hali ya gereji yake: sakafu ina mafuta, spana hazina mpangilio, wafanyakazi wanapiga miluzi saa za kazi. Hakuna aliyeiomba ripoti hiyo. Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaitumia kupangusia dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili.

Mke wa Mkaguzi alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Walijuana kazini, alipokwenda kumkagua akaandika kwamba mwalimu huyu anafundisha vizuri ila anacheka mno. Mwaka uliofuata akaenda kumposa. Watu walisema mapenzi ni upofu, wengine wakasema mwanamke yule alikuwa na moyo wa kujitolea.

Nyumbani kwao palikuwa na gari dogo la rangi ya maziwa, la enzi za kabureta na distribyuta, kabla magari hayajaanza kuwa na akili kuliko wenye nayo. Mkaguzi alilipenda kwa namna yake, yaani alilikagua. Kila Jumamosi alivaa ovaroli iliyopigwa pasi, akafungua boneti, akaweka kitabu cha mwongozo juu ya kigoda, na kusoma kwa sauti. Ukutani alitundika ubao wenye spana zake zote, na nyuma ya kila spana alichora umbo lake kwa rangi nyeusi ili isipotee njia ya kurudi. Zilikuwa spana safi mno. Spana isiyojua grisi ni kama mwanafunzi asiyewahi kuulizwa swali: huonekana ina akili nyingi.

Jumamosi moja kitabu kilimwambia ahakikishe boliti inayoshika distribyuta imekazwa. Distribyuta, kwa asiyeijua, ni kidude kama kikombe, kimevaa kofia nyeusi ya plastiki, na kazi yake ni kuigawia kila plagi cheche kwa zamu yake. Ikisogea hata kidogo, cheche hufika kabla ya wakati au baada ya wakati, kama mgeni anayekuja chakula hakijaiva, au anayekuja vyombo vimeshaoshwa. Mkaguzi aliigusa boliti, akaikuta imekazwa barabara. Mtu wa kawaida angeishia hapo. Yeye aliilegeza, ili aone kama ilikuwa imekazwa kwa utaratibu.

Alikuwa amekwisha kuirudisha kwa vidole, bado spana tu, alipoinua macho akamwona jirani anatundika kibao getini kimeandikwa MAYAI YANAUSWA. Kuna mambo yanayoweza kungoja na kuna mambo yasiyoweza. Mkaguzi aliacha spana, akaenda kuiokoa lugha. Mjadala wa herufi Z na S ulichukua saa nzima. Aliporudi jua lilikuwa kali, akafunga boneti, akarudisha spana namba kumi na tatu kwenye umbo lake ukutani, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Wakati huo mama mkwe wake alikuwa amekuja kukaa nao kwa ajili ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa zamani, la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na daktari bingwa aliyepita hospitali kubwa mara moja kila miezi mitatu alikuwa amelifanyia upasuaji siku tatu zilizopita. Wodi zilikuwa zimejaa, kwa hiyo mama aliruhusiwa akalale kwa bintiye, jicho limefungwa bandeji nene, na arudi Alhamisi kufunguliwa. Daktari alisema wazi: Alhamisi saa tisa alasiri yeye anapanda gari lake anakwenda zake. Asiyefika atafunguliwa na Mungu.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mnyamavu, mwenye mikono mikubwa, aliyeshinda barazani kwenye kiti cha plastiki akisikiliza barabara. Mkaguzi alimheshimu kama inavyompasa mtu kumheshimu mama wa mkewe: alimwamkia asubuhi, alimwamkia jioni, na katikati hakuwa na la kumwambia. Katika miaka kumi na minane ya ndoa alijua mambo matatu tu juu yake. Hali pilipili, ni mjane, na marehemu mumewe alikuwa na lori.

Jumatano redio ilitangaza kwamba madereva wa mabasi wangegoma kesho yake. Mkewe, ambaye Alhamisi alikuwa na kazi ya kusimamia mitihani na asingeweza kutoka, alishauri waagize teksi mapema. Mkaguzi aliuliza kwa upole teksi ya nini, na gari lipo, tena limefanyiwa huduma Jumamosi tu na yeye mwenyewe. Mkewe akacheka, akaenda kulala.

Alhamisi saa tatu asubuhi Mkaguzi alimshika mama mkwe mkono, akamkalisha kiti cha nyuma, akamfunga mkanda na kumweleza faida zake, akawasha gari. Lilinguruma kidogo kwa namna asiyoizoea. Aliamua ni baridi. Walipita mtaa wa kwanza likikohoa. Mtaa wa pili lilianza kurukaruka kama mtu aliyekanyaga miba, na mbele ya gereji ya yule fundi, mahali ambapo Mkaguzi asingependa kabisa litokee jambo lolote, likapiga chafya mbili na kuzima.

Fundi alitoka, akafuta mikono, akatazama. Alikuwa na magari saba uani, kwa kuwa siku ya mgomo kila mwenye gari bovu hulikumbuka. Mkaguzi alimwomba alitupie jicho mara moja. Fundi alimjibu kwa adabu zote kwamba angefurahi sana, ila bado anatekeleza mapendekezo ya ile ripoti, na ndiyo kwanza yuko ukurasa wa kwanza. Vijana wake walipiga miluzi. Lakini hakuwa mtu mbaya: aliwaamuru walisukume gari hadi nyumbani, mama mkwe akiwa ndani, kimya, amekaa wima kama malkia anayepelekwa kutawazwa.

Teksi zilitafutwa. Hazikupatikana hata moja. Mwenye akili alikuwa ameiagiza tangu jana.

Mkaguzi alimrudisha mama barazani, akavaa ovaroli juu ya shati lake jeupe la kwendea hospitali, akafungua boneti. Hakuhitaji kutafuta sana. Aliposhika distribyuta, ilichezacheza mkononi kama jino la mtoto wa miaka sita. Boliti yake ilikuwa imepanda juu, inangoja tu kudondoka.

Hapo palikuwa na njia ya mkato: kuizungusha taratibu mpaka injini iwake vizuri, kisha kukaza. Kwa bahati mbaya Mkaguzi alikuwa msomi. Alifungua kofia, akaondoa boliti, akaichomoa distribyuta nzima kutoka kwenye tundu lake, akaigeuzageuza juani kuitafuta kasoro. Hakuweka alama yoyote ya jinsi ilivyokuwa imekaa. Kisha, ili ahakikishe kwamba injini yenyewe haina tatizo, akaingia ndani akapiga ufunguo. Injini ikazunguka, ikasimama mahali ilipopenda yenyewe.

Alipoirudisha distribyuta ilikubali kuingia, na akaona hiyo ni dalili njema. Akakaza boliti, safari hii kwa spana, akavisha kofia, akapiga ufunguo.

Mlio uliotoka ulisikika hadi shuleni. Kabureta lilitema moto, kunguru wote wakaondoka kwenye nyaya za umeme, na jirani wa mayai akajitupa chini nyuma ya trei zake. Mkaguzi alitoka na kwenda kuchungulia ndani ya boneti, kwani aliamini kosa halijirudii mtu anapolitazama. Aliinama, akanyoosha mkono dirishani na kupiga ufunguo tena. Likarudia. Alipoinuka uso wake ulikuwa mweusi, isipokuwa duara mbili za miwani.

Kishindo kilipotulia, sauti ikatoka barazani.

"Mwanangu, umeiweka kinyume."

Mkaguzi alivua miwani, akaipangusa. Alimjibu mama mkwe kwa ile sauti tamu wanayotumia watu kwa wagonjwa na kwa watoto wa madarasa ya chini, kwamba asijali, mambo haya ni ya kiufundi kidogo.

"Ndiyo," alisema mama. "Pistoni inapanda juu mara mbili. Mara ya kwanza ina kazi, mara ya pili inatupa moshi tu. Wewe unaipelekea cheche wakati inatupa moshi. Ndiyo maana inakutemea mate."

Mkaguzi alifungua kitabu. Alitafuta ukurasa, akausoma, akausoma tena, mdomo ukichezacheza. Kitabu kilisema hivyo hivyo, ila kwa maneno mengi zaidi na bila mate.

"Mama, haya umeyasikia wapi?"

"Chini ya lori," alisema. "Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa nne na nusu. Mama mkwe aliomba kiti chake kisogezwe karibu na gari, upande wa kivuli. Mkaguzi alikibeba kiti, nusura ambebe na mama. Alipoketi aliweka kiganja juu ya bodi ya gari, kama mtu anayempima mtoto homa, akasema basi waanze, yeye hana macho na mkwe wake hana masikio, lakini wawili hawa ukiwaunganisha unapata fundi mmoja, si haba.

Kwanza alimwambia aitoe distribyuta. Halafu atoe plagi ya kwanza, ile ya mbele, aweke kidole tunduni, na kwa mkono mwingine aizungushe injini kwa spana kwenye boliti kubwa ya puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini, pole pole, gari likiwa huru bila gia. Mkaguzi aliinama. Haikuwa rahisi, maana kitambi chake hakikuwa kimeorodheshwa miongoni mwa vifaa. Alizungusha, jasho likimtiririka na kuchora njia kwenye masizi.

"Unasikia nini kidoleni?"

"Sisikii kitu, Mama."

"Endelea."

Alizungusha tena. Ghafla upepo ulimsukuma kidole kwa nguvu, ukatoka kwa mlio wa aibu.

"Hapo ndipo inapanda na kazi yake," alisema mama. "Sasa tazama puli. Ina mkato mdogo ukingoni. Ulete mkato mpaka uangaliane na mshale wa kwenye injini, usiuvushe."

Mkato haukuonekana. Ulikuwa umezibwa na uchafu wa miaka, na jambo hili lilimwumiza Mkaguzi kuliko kutemewa moto, kwa sababu alikuwa ameandika katika daftari la gari: injini, safi. Aliusugua kwa kitambaa, akaupaka chaki nyeupe ili asiupoteze tena. Mama alipomsikia akikwaruza chaki alitikisa kichwa kuonyesha kwamba wazo hilo si baya. Mkaguzi alishangaa jinsi alivyofurahi.

Kisha wakaja kwenye distribyuta yenyewe. Ndani ya kofia kuna kimkono kinachozunguka, mafundi wanakiita rota. Kinapoelekea kwenye waya wa plagi fulani, plagi hiyo ndiyo inayopata cheche. Mama alimtaka atazame waya wa plagi ya kwanza unatoka upande gani wa kofia, na rota ielekee huko huko. Mkaguzi aliielekeza sawasawa kabisa, kwa usahihi wa rula, akaitumbukiza. Ilipofika chini rota ilikuwa imegeuka na kutazama kwingine.

"Imenikimbia," alisema.

"Meno yake yamekatwa mshazari. Inaposhuka inajizungusha. Ianzishe nyuma kidogo, yenyewe itajileta."

Aliitoa, akaianzisha nyuma. Ikapitiliza. Akaitoa, akaianzisha nyuma kidogo zaidi. Safari hii rota ilikuja vizuri lakini distribyuta ikagoma kukaa, imebaki juu kidogo, upana wa kucha. Mkaguzi alitafuta nyundo ubaoni kwa macho.

"Usiilazimishe," alisema mama, ambaye hakuona nyundo wala ubao. "Huko chini kuna ulimi wa pampu ya oili, haujaingia kwenye mfereji wake. Ibonyeze kwa upole, mimi nitakuambia." Alisikiliza, mkono juu ya bodi. "Cheza nayo. Kidogo. Kidogo tena."

Distribyuta ilishuka kwa mlio mdogo wa kufunga sanduku.

"Haya. Sasa nyaya. Moja, tatu, nne, mbili, ukifuata rota inakozungukia."

"Si moja, mbili, tatu, nne?"

"Hiyo ni ya shuleni."

Mkaguzi alikifungua kitabu kwa kidole kimoja cheusi. Moja, tatu, nne, mbili. Alikifunga. Tangu hapo hakukifungua tena kwa muda wa dakika ishirini, na hiyo, kwa waliomjua, ilikuwa habari ya kutangazwa redioni.

Plagi ilirudi mahali pake, boliti ikakazwa nusu, kofia ikavikwa, ufunguo ukapigwa. Gari liliwaka. Liliwaka kwa kunung'unika, lakini liliwaka, na jirani wa mayai aliyekuwa akichungulia nyuma ya ukuta alipiga makofi mara mbili kabla hajakumbuka kwamba hamsemeshi Mkaguzi. Mama mkwe alimwagiza aishike distribyuta na kuizungusha kidogo kidogo, kushoto, basi, kulia, rudi. Injini ilipanda sauti, ikashuka, ikajikwaa, ikasimama imara. Mama alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mtoto akipumua usingizini.

"Hapo. Kaza. Na si kwa vidole."

Mkaguzi alikaza kwa spana. Hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za vidole.

Ilikuwa saa sita kasoro robo. Mama aliingia ndani kubadili nguo na kuvaa viatu, akipapasa ukuta. Injini ilibaki inanguruma vizuri uani, na mtu mwingine yeyote angekaa kwenye usukani akangoja. Lakini Mkaguzi alikuwa na taa ya kupimia taimingi. Aliinunua miaka minne iliyopita, na ilikuwa bado kwenye boksi lake, na pamba yake. Ukiifunga kwenye waya wa plagi ya kwanza inamwekamweka kila cheche inapopigwa, ukiimulika puli, ule mkato unaonekana kama umesimama tuli, hata kama puli inazunguka kwa kasi. Ndipo unapojua cheche inakuja nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu. Kukagua, alijiambia, si kudharau. Ni kuthibitisha tu.

Aliuziba mpira wa vakyumu, ule unaofyonza hewa kutoka kwenye injini, kama kitabu kinavyotaka, akamulika. Chaki yake nyeupe ilisimama kwenye nyuzi sita za kipimo kilicho kando ya mshale. Kitabu kilisema kumi.

Mkaguzi alisimama na ile taa mkononi, na moyo wake ulijaa kitu ambacho, kwa kukosa neno bora, tutakiita furaha. Tofauti ya nyuzi nne kamili. Mama wa watu alijitahidi, hakuna ubishi, kwa mtu asiyeona alipata alama nzuri sana. Lakini sita si kumi. Alitazama mlango. Akailegeza boliti, akaizungusha distribyuta mpaka chaki ikafika kwenye kumi, akakaza. Injini ilipanda sauti kidogo, ikawa nyepesi, yenye uchangamfu. Alirudisha mpira, akaifunga taa kwenye pamba yake. Mama mkwe alipotoka, alimshika mkono na kumpeleka kwenye gari kwa adabu kubwa, adabu ya mtu anayejua jambo usilolijua.

Waliondoka. Kwenye tambarare gari lilikimbia vizuri sana, na Mkaguzi aliongea njia nzima kuhusu umuhimu wa vipimo. Alisema masikio ni kitu kizuri, lakini dunia imepiga hatua. Mama mkwe aliitika "ehee" kila mara, pale panapostahili.

Kilomita ya ishirini na tano kuna mlima mrefu. Mkaguzi aliuingia kwa gia ya tatu, akakanyaga mafuta, na injini ikaanza kulia. Ulikuwa mlio mkavu, wa haraka, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Alipokanyaga zaidi, kokoto ziliongezeka na nguvu ikapungua. Alishusha gia. Debe likafuata. Malori yaliyobeba shehena yaliwapita yakipiga honi, na mshale wa joto ukaanza kupanda mlima kwa kasi kuliko gari.

Walipofika kona ya pili, mama mkwe aliinama mbele.

"Umeigusa," alisema.

Mkaguzi alifungua mdomo. Katika utumishi wake wote aliwahi kusikia visingizio vya kila aina, kutoka kwa walimu wakuu mia tatu, na sasa vyote vilimjia kwa pamoja na kupanga foleni: labda mafuta mabaya, labda plagi, labda mlima wenyewe. Alimtazama mama kwenye kioo. Bandeji nyeupe ilimwangalia.

"Nimeigusa, Mama," alisema. "Kitabu kinasema kumi."

"Weka gari pembeni."

Aliliweka pembeni, akaweka jiwe nyuma ya tairi. Mama alishuka mwenyewe, akishikilia bodi ya gari mpaka mbele, upepo ukimpeperusha nguo. Hakugomba, na hilo ndilo lililomtesa Mkaguzi, kwa sababu alijua kugombezwa kunavyokwenda na angejua pa kusimama. Alisema tu kwamba kitabu kile kiliandikwa gari likiwa changa, na mafuta ya wakati huo yalikuwa mafuta. Injini kuukuu ukiiharakishia cheche, moto unaisukuma pistoni chini ilhali bado inapanda, vinagongana katikati. Mzee hasukumwi. Anaambiwa twende, halafu anangojwa.

"Mama, ulijua saa ngapi?"

"Niko chumbani navaa kiatu cha pili. Nikasikia sauti imebadilika."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, tungebishana mpaka saa tisa. Mlima haubishani na mtu."

Mkaguzi alitoa spana mfukoni, spana namba kumi na tatu, iliyokuwa sasa nyeusi mpaka shingoni, akalegeza boliti, injini ikiwaka. Safari hii hakungoja kuambiwa kila hatua. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, jambo ambalo kwa mara ya kwanza alilifanya mbele ya injini, na akaizungusha pole pole akisikiliza. Kwa muda hakusikia ila kelele. Kisha, ndani ya kelele, alisikia kitu kikilegea, kama mtu anayeshusha mabega.

"Hapa?" aliuliza.

"Rudi unywele mmoja." Akarudi. "Hapo. Umepata."

Alama hiyo haikuandikwa popote, lakini Mkaguzi aliipokea kwa uso ambao mkewe angelipa kiingilio kuuona. Akakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Waliupanda mlima kwa gia ya pili, kisha ya tatu, bila hata kokoto moja.

Walifika hospitali saa nane na dakika arobaini. Daktari bingwa alikuwa amekwisha kufunga mkoba wake, anatafuta funguo. Alipomwona mtu mwenye uso mweusi, mashavu yenye mistari ya jasho, na shati lililokuwa jeupe, alimwambia majeruhi wa moto wanapokewa jengo la pili. Ilibidi mama mkwe aeleze. Aliketishwa, bandeji ikafunguliwa safu kwa safu, jicho likasafishwa, akaambiwa alifungue taratibu. Alilitazama dirisha. Akautazama ukuta, na saa ya ukutani, akaisoma dakika zake kwa sauti. Kisha akageuka kwa mkwe wake, akamkagua kuanzia kichwani hadi kwenye viatu bila haraka yoyote.

"Kumbe una mvi," alisema. "Nilikuwa bado nakuona kijana, nikakuvumilia kwa hilo."

Daktari alicheka. Mkaguzi alitaka kueleza kwamba mvi ni suala la urithi, wala si la umri. Alilifikiria, akalimeza.

Safari ya kurudi mama aliomba kukaa mbele. Alikuwa amevaa miwani myeusi ya hospitali na alisoma kila kibao cha barabarani, na makosa mawili ya tahajia aliyaona kabla ya Mkaguzi. Baada ya mlima, Mkaguzi alikohoa, akamuuliza swali ambalo kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuliuliza: habari za lori.

Lilikuwa la tani saba, alisema. Marehemu alianguka kutoka juu ya shehena, akavunjika kiuno, na lori lilikuwa bado halijamaliza kulipiwa. Watu walikuja kumpa pole na kumshauri aliuze. Yeye alikuwa tayari anajua kulitengeneza, kwa kuwa mumewe alikuwa mzito wa kuingia chini. Kuliendesha alijifundisha kwa wiki moja, kwenye uwanja wa mpira. Aliliendesha miaka tisa. Mkaguzi alimkatiza mara nne tu, na mara mbili kati ya hizo ilikuwa kuuliza kitu asichokijua.

Walipofika kona ya kuingilia nyumbani, mkewe alikuwa amesimama getini, ametoka kwenye mitihani, mkono kiunoni. Lakini katika hadithi ya mama lori lilikuwa bado limekwama katikati ya mto, maji yanapanda kwenye ekseli, utingo amekimbia, na dereva, mama mwenyewe, alikuwa na mimba ya miezi saba ya huyo huyo aliyesimama getini. Mkaguzi alipunga mkono, akampita mkewe, akanyoosha kuuzunguka mtaa.

"Halafu?" alisema.